Usimkazie Macho: Homoni na Kile Kinachovuta Jicho la Nyani

Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na aliyewahi kuipita kwa basi anawajua nyani wanaokaa ukingoni mwa lami wakisubiri ganda la ndizi. Kondakta huonya mapema: fungeni madirisha, na yule dume msimkazie macho. Onyo ni la kweli. Nyani dume akitaka kukutisha huinua nyusi mpaka kope zake zilizopauka zionekane, kisha hukukodolea. Akipiga mwayo mrefu na kuacha chonge zake nje, usidhani ana usingizi. Kwake, jicho lililokazwa ni uchokozi. Sasa watazame wao kwa wao. Dume mmoja akikodoa, jike aliyebeba mtoto hugeuza uso na kuondoka. Dume wa rika lake humrudishia. Kijana ambaye bado hajajua nafasi yake kundini hutazama, hugeuka, hutazama tena.

Uso wa hasira ni mmoja, na watatu wanaupokea kwa namna tatu. Umri una sehemu yake, cheo kina sehemu yake, na yaliyowapata jana yana sehemu yake. Lakini ndani ya damu ya kila mmoja kuna mchanganyiko tofauti wa homoni, na watafiti wamekuwa wakiuliza kama mchanganyiko huo ndio unaoliongoza jicho: liende wapi kwanza, likae muda gani, liondoke lini.

Nimeamua kuliandikia jambo hili kwa sababu majibu yanayozunguka kwenye simu zetu ni mafupi mno. Testosteroni ni homoni ya ubabe, oksitosini ni homoni ya mapenzi, kotisoli ni homoni ya msongo. Kana kwamba homoni ni mawaziri na kila mmoja amepewa wizara yake. Kazi iliyofanywa kwa jamii ya nyani, tangu tumbili wa maabara hadi sokwe wa misitu ya Uganda, inaonyesha picha nyingine kabisa, na kwangu ni picha nzuri zaidi kuliko ile ya mawaziri.

Jicho lenyewe

Macho hupokea kwa sekunde moja habari nyingi kuliko ubongo unavyoweza kuzichambua, hivyo ubongo hauna budi kuchagua. Kwa mnyama wa kundi, anayeweza kung'atwa asubuhi na kuchambuliwa manyoya jioni na mwenzake yuleyule, kitu cha kwanza kuchagua ni uso. Ni nani yule? Ametulia au amekasirika? Ananitazama mimi au anamtazama mwingine?

Katika kazi hiyo ubongo unategemea sana amigdala, vijinofu viwili vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande. Kuna mwanamke Mmarekani anayejulikana katika maandiko ya sayansi kwa herufi mbili tu, S.M., ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu. Akionyeshwa picha ya mtu mwenye hofu, alishindwa kuitambua hofu hiyo. Mwaka 2005 Ralph Adolphs na wenzake wakaeleza sababu: hakuwa akiyatazama macho ya mtu aliye pichani. Walipomwagiza ayatazame, akaitambua hofu kama watu wengine. Maana yake ni kwamba kuusoma moyo wa mwenzako kunaanzia mahali jicho linapotua, na kitu chochote kinacholisogeza jicho kinaweza kubadilisha unachokijua kuhusu mwenzako.

Mnyama hawezi kuulizwa alitazama nini, ndiyo maana watafiti wametumia ujanja. Ulio maarufu zaidi ulibuniwa kwa ajili ya binadamu mwaka 1986, ukaja kuhamishiwa kwa tumbili na bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe. Kwenye skrini hutokea picha mbili, kushoto na kulia, mathalani uso uliokasirika na uso uliotulia. Zinakaa kwa muda mfupi mno kisha zinapotea, na mahali pa mojawapo hutokea kitone. Kazi ya mnyama ni kukigusa apate zawadi yake. Ikiwa jicho lilikuwa limevutwa na uso wa hasira, na kitone kikatokea palepale, mkono hufika upesi. Kikitokea upande wa pili, unachelewa kidogo. Tofauti hiyo ya sehemu ndogo ya sekunde ndiyo kipimo. Mnyama hajui kwamba anapimwa, na hawezi kudanganya.

Tangazo linalosikika mtaa mzima

Wafugaji walizifahamu homoni kabla hazijapewa jina. Fahali akihasiwa akawa maksai, nguvu za kuvuta plau anabaki nazo, lakini fahali wa jirani hamshughulishi tena. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi jogoo, wakaacha kuwika na kupigana. Aliporudisha korodani ndani ya tumbo la baadhi yao, ingawa si mahali pake pa asili, wakarudia ujogoo wao. Kuna kitu, basi, kilichokuwa kikisafiri ndani ya damu. Jina la homoni lilikuja mwaka 1905 kwa Mwingereza Ernest Starling, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma.

Damu inaifikisha homoni karibu kila kona ya mwili. Lakini inayoisikia ni seli yenye kipokezi chake tu. Ni kama tangazo la msiba kwenye kipaza sauti cha msikiti: mtaa mzima unalisikia, wanaotoka ni wale linaowahusu. Kwa hiyo ukitaka kujua homoni inafanya nini, tafuta kwanza vipokezi vyake viko wapi. Na ukishavipata, uliza pia muda. Adrenalini hufanya kazi ndani ya sekunde. Kotisoli hufikia kilele katika damu baada ya dakika ishirini au thelathini tangu mshtuko. Testosteroni huweza kuingia ndani ya seli na kubadilisha jeni zipi zifanye kazi, jambo linalochukua saa na hata siku.

Madume sita wa Amherst

Sasa twende Massachusetts, Marekani, kwenye maabara ya Agnès Lacreuse katika chuo kikuu kilichoko Amherst. Wanyama wao ni tumbili wa rhesus, ambao asili yao ni Asia, kuanzia Afghanistan na India hadi China. Ni wanyama wa vyeo vikali na ugomvi wa mara kwa mara.

Mwaka 2010 timu hiyo ilitoa matokeo yaliyoelekea kuthibitisha simulizi ya mtaani. Madume walizimiwa testosteroni yao ya asili kwa dawa, kisha wakarudishiwa kwa sindano. Walipokuwa nayo, walitazama kwa muda mrefu zaidi video za tumbili wasiowajua wakipigana. Ubabe, mtu angesema, umepatikana.

Wakaendelea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 walichukua madume sita wenye umri wa miaka saba, ambao kwa tumbili huyu ni utu uzima. Testosteroni ilizimwa kwa leuprolaidi, dawa ambayo wanaume wenye saratani ya tezi dume nao hupewa. Kila dume akapitia awamu nne za mwezi mmoja mmoja: ya kawaida, ya dawa pekee, ya dawa pamoja na testosteroni, na ya dawa pamoja na mafuta matupu ya kulinganishia. Kwa wiki kumi na sita walicheza mchezo wa kitone kwenye skrini, pamoja na mchezo mwingine wa kukumbuka picha. Matarajio yaliandikwa wazi: testosteroni itawafanya wavutwe zaidi na nyuso za vitisho, na wazikumbuke zaidi.

Haikuwa hivyo. Katika awamu ya kwanza, kabla ya dawa yoyote, madume walivutwa na nyuso za vitisho, jambo linaloonyesha kwamba mchezo ulikuwa unapima kitu halisi. Lakini testosteroni haikuongeza mvuto huo. Kilichobadilika ni kasi: wakiwa na testosteroni, mikono yao iligusa kitone upesi zaidi, picha iwe ya hasira, ya furaha au ya kitu kisicho na uso kabisa. Kumbukumbu haikuguswa.

Napenda sana utafiti huu, na napenda kwamba ulichapishwa. Matokeo ya namna hii mara nyingi huishia kabatini. Hapa watafiti walieleza bayana kwamba walichotabiri hakikutokea, wakapendekeza sababu. Mnyama mwenye testosteroni huenda alikuwa amechangamka kwa ujumla, au alikuwa na hamu zaidi ya zawadi. Tena, picha zilezile zikionekana wiki baada ya wiki huzoeleka. Uso wa hasira usiosogea, usiokurukia, hatimaye unakuwa kama bango la uchaguzi uliopita. Video ya mapigano ina mwendo na msukosuko. Inawezekana kwamba testosteroni hulishika jicho pale tu hali inapokuwa moto.

Kwa binadamu kuna ushahidi unaoelekea upande huo. Jack van Honk na wenzake huko Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 1999 kwamba watu wenye testosteroni nyingi zaidi kwenye mate walivutwa zaidi na nyuso zenye hasira. Mwaka 2012 David Terburg, van Honk na mwenzao waliwapa wanawake dozi moja ya testosteroni, wakawaonyesha nyuso za hasira kwa muda mfupi kiasi kwamba hawakutambua wameona nini. Kwa kawaida jicho hukwepa uso kama huo haraka, kama kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee mkali. Baada ya testosteroni, wanawake hao walichelewa kukwepa. Hakuna aliyempiga mtu. Kilichosogea ni muda wa kuinamisha macho, na katika jamii ya nyani muda huo ni lugha kamili: anayekwepa kwanza amekubali kwamba wewe ni mkubwa.

Hapo ndipo ninapoona maana ya testosteroni ikikaa vizuri zaidi kuliko kwenye neno "ubabe". Inahusika na cheo na ushindani, na hupanda pale ushindani unaponukia. Mwaka 2010 Victoria Wobber na wenzake walichapisha kazi iliyofanywa kwenye vituo vya kulelea wanyama yatima: sokwe wa Tchimpounga, Jamhuri ya Kongo, na bonobo wa Lola ya Bonobo, karibu na Kinshasa. Madume waliwekwa wawili wawili, chakula kikaletwa, mate yakapimwa kabla na baada. Kwa sokwe waliotarajia kugombania chakula, testosteroni ilipanda hata kabla ya kukigusa. Kwa bonobo waliokuwa katika hali hiyohiyo, iliyopanda ni kotisoli. Sokwe aliona shindano, bonobo akaona jambo la kumtia wasiwasi. Hawa ni ndugu wawili wa karibu mno, waliotenganishwa na Mto Kongo, na miili yao inajiandaa kwa chakula kilekile kwa njia mbili.

Siku ya daktari

Kuhusu kotisoli nitakuwa mfupi, maana ushahidi wake juu ya jicho la tumbili ni mwembamba zaidi, ila kuna utafiti mmoja usiosahaulika. Emily Bethell na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012, walienda Puerto Rico na kuwaonyesha madume saba wa rhesus jozi za nyuso, mmoja wa hasira na mmoja uliotulia, wakarekodi macho yao. Walifanya hivyo nyakati mbili: baada ya uchunguzi wa afya, ambapo mnyama hushikwa na kuchomwa sindano, na katika siku za vichezeo na vyakula vya kuwaburudisha. Nyakati zote mbili jicho liliuwahi uso wa hasira. Baada ya hapo njia ziliachana. Mnyama aliyeburudishwa aliendelea kuutazama. Aliyetoka kwa daktari aliugeuzia kisogo haraka.

Kipimo chao kilikuwa jicho, hawakuchunguza damu, kwa hiyo sitasema kotisoli ndiyo iliyofanya hayo. Lakini kushikwa na kuchomwa ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuipandisha kotisoli ya tumbili. Na kuna funzo juu ya muda: kipande cha kwanza cha mtazamo kilibaki vilevile, kilichobadilika ni kinachofuata. Anayepima muda wa jumla tu angekosa yote mawili, akaripoti kwamba mnyama mwenye wasiwasi "hajali" vitisho. Anajali sana. Ameshaviona, ndiyo maana ameondoa macho.

Wengi hudhani kotisoli ni mzigo wa wanyonge. Huko Amboseli, Kenya, ambako nyani wa savana wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, Laurence Gesquiere na wenzake walipima homoni kwenye kinyesi cha madume 125 kwa miaka tisa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo homoni za msongo zinavyopungua, isipokuwa kwa aliye juu kabisa. Dume mkuu alikuwa na testosteroni nyingi na homoni za msongo nyingi pia, akilingana na walio chini kabisa, huku anayemfuata kwa cheo akiwa ametulia. Mkuu hutumia nguvu nyingi kupigana na kuwalinda majike. Yeyote anayezisoma homoni za msongo peke yake, bila ya kuziangalia pamoja na testosteroni, hawezi kumtofautisha mfalme na mnyonge.

Sindano ya wodini

Mama yeyote aliyejifungulia hospitali miaka ya karibuni pengine amechomwa oksitosini bila kuambiwa jina lake. Uniti kumi, mara tu mtoto anapotoka, kuzuia damu isivuje kupita kiasi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Henry Dale aliona mwaka 1906 kwamba dondoo la tezi ya pituitari hubana mji wa mimba, na Vincent du Vigneaud akaitengeneza homoni yenyewe maabara mwaka 1953, mnyororo wa amino asidi tisa tu, akapata Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Dawa hii imeokoa maisha ya wanawake wengi, na ningependa ijulikane kwanza kwa heshima hiyo.

Jina la "homoni ya mapenzi" lilitokana kwa sehemu kubwa na panya wadogo wa mbuga za Marekani, ambao dume na jike huishi pamoja. Vipokezi vyao vya oksitosini vimejaa kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na raha na zawadi. Hata huko hadithi imeyumba: mwaka 2023 panya waliozaliwa bila kipokezi hicho bado walichagua mwenza na kubaki naye.

Kwa tumbili wa rhesus, Sara Freeman na wenzake walipotafuta vipokezi hivyo mwaka 2014, hawakuvikuta walikovikuta kwa panya. Walivikuta, pamoja na sehemu nyingine chache, kwenye sehemu ya ubongo wa kati inayogeuza macho kuelekea kilichojitokeza, na kwenye kiini cha chini ya ubongo wa mbele kinachoamsha umakini. Yaani kwenye mitambo ya kutazama. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika makala hii. Ikiwa tangazo la mtaani linaitikiwa zaidi na nyumba za macho, basi tutegemee kwamba matokeo yake ya kwanza yataonekana machoni.

Na ndivyo ilivyo. Oksitosini haivuki kirahisi kutoka damu kuingia ubongoni, kwa hiyo wanyama huvutishwa kama mvuke puani. Becket Ebitz, Karli Watson na Michael Platt, wakiwa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2013, waliwapa madume wa rhesus. Wakiwa hawana kazi nyingine, madume walitazama zaidi nyuso na macho. Lakini walipokuwa na kazi ya kufanya ili wapate zawadi, na nyuso zikiwekwa za kuwababaisha, oksitosini iliwasaidia kuzipuuza, hasa nyuso ngeni zenye hisia kali. Na picha za vigogo wa kundi zilipokuwepo, ule mshikemshike wa kuwa macho muda wote haukujitokeza. Mwaka huohuo Lisa Parr na wenzake huko Atlanta, kwa mchezo wa kitone, walikuta kwamba oksitosini inapunguza mvuto wa nyuso za vitisho na kuziacha nyuso tulivu zilivyo.

Ukiyasoma pamoja, neno "mapenzi" halikai. Neno linalokaribia ni kulegeza ulinzi. Fikiria ukumbi wa harusi ambako una ugomvi na mtu mmoja. Kila anayeingia unamchungulia. Ukijua kwamba hatakuja, unaanza kuwaona waliopo. Hujampenda mtu yeyote zaidi ya ulivyompenda saa moja iliyopita.

Lakini si kila spishi hulegea kwa namna hiyo. Mwaka 2021 James Brooks, Shinya Yamamoto na wenzao, huko Kumamoto, Japani, waliwapa oksitosini bonobo watano na sokwe sita. Ilikuwa imeshajulikana kwamba bonobo kwa kawaida hutazamana machoni kuliko sokwe. Oksitosini iliwazidishia bonobo tabia hiyo. Kwa sokwe haikufanya hivyo. Wengi wao walielekea hata kupunguza muda wa kuyatazama macho. Homoni moja, dozi moja, mashine moja ya kufuatilia macho. Ilimsukuma kila mmoja kule alikokuwa ameshaelekea.

Msituni nako kuna mambo mawili ambayo ningetaka kila anayeuza "homoni ya mapenzi" mtandaoni ayasome. La kwanza ni la Budongo, Uganda, ambako Catherine Crockford, Roman Wittig na wenzao waliwafuata sokwe wa Sonso na kukusanya mkojo wao, kazi ya kuinama chini ya mti na kunyonya matone. Mwaka 2013 walionyesha kwamba oksitosini hupanda baada ya sokwe kuchambuana manyoya na rafiki wa kudumu, awe ndugu au la. Kuchambuana kulekule, vidole vilevile, na mwenzake asiye rafiki, hakukuleta ongezeko hilo. La pili ni la msitu wa Taï, Côte d'Ivoire. Liran Samuni na wenzake walichapisha mwaka 2017 kwamba oksitosini ya sokwe hupanda wanapokwenda doria mpakani na wanapopambana na kundi jirani. Wanakaa karibu karibu, wanashikamana, na wanakwenda vitani. Homoni ileile iliyosifiwa kwa kunyonyesha ilikuwa juu kwenye mkojo wa wanyama wanaotembea kimya kwenda kuwavamia majirani.

Kwa binadamu tamaa ilitangulia ushahidi. Mwaka 2005 utafiti wa Zürich ulisema kwamba mpulizo mmoja wa oksitosini puani humfanya mtu amwamini mgeni kwa fedha zake, na dunia ikapokea kwa vigelegele. Jaribio liliporudiwa kwa watu wengi zaidi na kuchapishwa mwaka 2020, athari iliyotarajiwa haikuonekana. Wazazi wa watoto wenye usonji walikuwa wameweka matumaini makubwa: kama oksitosini hulivuta jicho kwenye macho ya mwenzako, pengine itawasaidia watoto wao. Huko Marekani watoto na vijana 290 walishiriki kwa wiki 24, nusu wakipewa oksitosini na nusu mpulizo usio na dawa. Matokeo yakatoka mwaka 2021. Makundi mawili hayakutofautiana katika mahusiano yao na watu. Nawafikiria wazazi wale, mpulizo kila siku kwa karibu miezi sita. Waliowauzia matumaini kabla ya ushahidi walikuwa na wajibu wa kusubiri.

"Homoni zimempanda"

Kuna maneno tunayoyatamka maofisini na majumbani bila kufikiri: mwanamke akikasirika, "homoni zimempanda". Akilia, homoni. Akisema kikao hakijaendeshwa vizuri, homoni.

Rudi kwenye tafiti nilizozieleza uhesabu. Sita wa Amherst ni madume. Saba wa Puerto Rico ni madume. Wa Duke ni madume. Wale 125 wa Amboseli ni madume. Bonobo na sokwe wa vituo vya Kongo waliopimwa mate ni madume. Annaliese Beery na Irving Zucker walipohesabu mwaka 2011, walikuta kwamba katika sayansi ya neva tafiti zilizotumia madume peke yao ziliwazidi zile za majike peke yao kwa zaidi ya tano kwa moja. Sababu iliyotolewa kwa miaka mingi ni kwamba mzunguko wa jike unavuruga hesabu, kana kwamba testosteroni ya dume, inayopanda akinusa ushindani na kushuka akishindwa, haivurugi lolote.

Na majike wa rhesus wana mzunguko wa siku zipatazo 28, sawa na wanawake, hivyo ndio wangekuwa wa kwanza kutufundisha. Tunajua machache ya thamani. Rebecca Pearson na wenzake huko Bristol walionyesha mwaka 2009 kwamba wanawake walipofikia mwisho wa ujauzito walitambua nyuso za hofu, hasira na kinyaa kwa usahihi kuliko walivyokuwa mwanzoni. Yaani wakati estrojeni na projesteroni, homoni za uzazi za mwanamke, ziko juu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, wanawake hawa hawakuchanganyikiwa. Walimsoma mtu hatari kwa usahihi zaidi, wiki chache kabla ya kuwa na mtoto mchanga wa kumlinda.